Maji Yaliyoosha Bangili ya Bibi Atika

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Basra, enzi za waja wema waliotutangulia, aliishi mjane mchamungu aitwaye Bibi Lubaba, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa akisafisha vito vya wanawake nyumbani kwake. Kazi yenyewe aliijua hasa. Dhahabu aliiloweka katika maji ya vuguvugu yenye povu la sabuni ya zeituni, akaisugua taratibu kwa mswaki uliotafunwa ukalainika. Lulu hakuzitia majini kamwe. Alizipangusa tu kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha vyote akavianika kivulini juu ya pamba safi.

Hayo wengi wangeyaweza. Lililowachekesha watu ni kwamba kila aliporudisha kito, alirudisha na maji aliyokioshea, yote, ndani ya kigudulia. "Huenda chembe ya dhahabu imebaki humo," alisema, "na hiyo si yangu." Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Jamani, nani anapelekewa maji machafu mlangoni akashukuru?

Siku moja Bibi Atika, mke wa tajiri wa hariri, alimletea bangili ya mahari yake, yenye mawe saba ya yakuti, iliyoganda mafuta na hina ya miaka mingi. Lubaba akaiosha, akairudisha pamoja na kigudulia chake. Atika akaitia sandukuni bila kuitazama. Siku ya tatu akaitoa amvishe binti yake, aliyekuwa anaolewa. Lahaula! Mawe yalikuwa sita.

Siku hiyo hiyo Lubaba akafikishwa mbele ya kadhi. Kadhi akamwambia, "Mdai hana shahidi. Apa kwa Mwenyezi Mungu kwamba uliirudisha na mawe yake yote, nawe uende zako kwa amani. Ukikataa kuapa, hukumu itakuangukia, na hapa Basra hakuna atakayekuamini tena."

Jirani yake, Ummu Jundub, akamvuta shungi na kumnong'oneza, "Apa, mwenzangu, yaishe! Kwani umeiba?"

"Sijaiba," akasema Lubaba, kwa sauti iliyosikika na wote. "Lakini sikuyahesabu mawe baada ya kuosha. Nitaapaje kwa jambo ambalo macho yangu hayakuliona?"

Kadhi akamtazama kwa huruma. "Bibi, unaelewa kwamba unajifunga mwenyewe?"

"Naelewa, Sheikh wangu. Na kosa langu nalikiri. Kito cha zamani hutikiswa kwanza karibu na sikio, kusikiliza kama jiwe limelegea, kwani huenda uchafu ndio unaolishika jiwe, na ukitoka nalo hutoka. Siku ile sikukitikisa."

"Mmemsikia kwa kinywa chake!" Atika akapaza sauti.

Lubaba hakutetereka. "Ninaloweza kuliapia ni moja, na wallahi naliapia. Chochote kilichotoka kwenye bangili hiyo kiliingia majini, na maji niliyaleta yote. Mliyafanyia nini?"

Mtumishi wa Atika, mama mtu mzima, ndiye aliyejibu huku ameinamisha kichwa: "Niliyamwaga kwenye chungu kilichopandwa mrehani, pale uani."

Kadhi akatuma watu wawili waaminifu. Wakaufukua udongo wa kile chungu, na kati ya mizizi ya mrehani wakaliokota jiwe la saba.

Atika akalia kwa haya, akaishika mikono ya Lubaba na kuibusu. "Nisamehe, dada yangu. Nilikucheka kwa maji haya haya."

"Nimekusamehe. Mpelekee sonara alikaze kwanza, ndipo umvishe bintiyo."

Kisha akaomba bakuli la maji, akaliosha jiwe udongo wake, akalipangusa mwenyewe, akampa Atika. Na yale maji nayo akamkabidhi. Mara hii hakucheka mtu.

Ndugu zangu, tuzingatie. Lau bibi huyu angeapa, angetoka salama mbele ya kadhi, wala asingeulizwa mtu habari ya maji, na jiwe lingepotelea chunguni. Kilichomwokoa na kiapo cha uongo ni kukataa kuapia asichokiona. Ewe Mola, tupe na sisi ndimi kama ulimi wake. Amin.