Sultani Aliyetaka Asionekane

Palikuwa na Sultani aliyetaka kusahauliwa, tena kwa lazima. Aliitwa Shekuwe, na ugonjwa huo ulimwanza siku alipokuja mjini mfanyabiashara wa Kichina kuuza sahani. Wakiwa wanakunywa kahawa, Mchina akamsimulia hekima ya kwao, inayoitwa Njia. Mwenye kuifuata Njia hatumii mabavu. Huwa kama maji, hutafuta pa chini, hagombani na mtu. Na mtawala akipatia kazi yake, alisema, watu hula, hushiba, hulala na kumsahau.

Loo! Maneno yakamwingia Sultani hadi kwenye mifupa. Mchina hajafika hata bandarini, mbiu imeshapigwa mji mzima, pamoja na maneno yote ya Njia: kuanzia leo Sultani hayupo. Atakayemtazama, atakayemwamkia, atakayempisha njia, ni viboko. Akaanza na askari wake mwenyewe. Maskini walimpigia saluti asubuhi kwa mazoea, jioni wote wakalala kifudifudi, migongo imevimba kwa viboko.

Sasa, mahali pa kusahauliwa akapachagua barazani kwa Bi Mafunda, mjane aliyekaanga bajia za kunde mlangoni pake. Alifika kila asubuhi kwa ngoma na baragumu la siwa, ili kila mtu ajue kwamba hayupo. Akaketi, akakunja miguu, akafumba macho, akasahauliwa. Mkono wake tu ndio uliokataa kusahauliwa. Ulikwenda kwenye sinia la bajia ukarudi, ukaenda ukarudi, na wateja wakapotea. Nani aje kununua bajia ubavuni mwa mtu ambaye ukimtupia jicho unachapwa?

Bi Mafunda alikuwa na wajukuu wa kulisha na karai moja la kuwalishia. Kila sinia lilipobaki tupu alitaka kulia kwa hasira. Angelalamika, lakini kulalamika ni kukiri kwamba kuna mtu. Akalala na jambo hilo, akaamka nalo, kisha akaamua kuitii sheria kuliko mtu yeyote mjini.

Asubuhi hiyo alikuwa ameosha kunde. Beseni lilijaa maji mazito, maganda yanaelea juu. Maji hayo kwa kawaida huyamwaga barazani kulaza vumbi, ndipo afagie. Basi akalinyanyua beseni, akajitia hamnazo, akamwaga. Chwaa! Sultani akafumbua macho, maganda yanamning'inia ndevuni. Bi Mafunda akachukua ufagio, akafagia. Akafagia mpaka mapajani.

Sultani akaruka, akamkokota Bi Mafunda yeye mwenyewe hadi kwenye ukumbi wa jumba lake, maji yanamchuruzika. Waziri alikuwepo, askari walikuwepo, wote wakainua macho darini.

"We mwanamke! Umenimwagia maji!"

"Nimemwaga barazani kwangu, Maulana. Hapakuwa na mtu."

"Mimi nilikuwepo!"

"Nisamehe. Kwa hiyo nilitakiwa nikuone?"

Sultani akakamua maji ndevuni. Akisema ndiyo, amevunja sheria yake. Akisema hapana, mama wa watu hana kosa.

"Ungeweza kumwaga kwingine!"

"Maji hutafuta pa chini, Maulana. Wewe nawe umesoma Njia, ukaenda kukaa pa chini. Mkakutana."

Waziri alikohoa. Kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake.

"Na ufagio?"

"Palikuwa na uchafu."

"Nilikuwa nafuata hekima pale! Yule Mchina alisema nisahauliwe!"

"Alisema asahauliwe aliyepatia kazi yake. Mla bajia za wajane hakumtaja. Huyo hasahauliki, hata tungechapwa sote."

Jamani, Sultani alivimba akawa mwekundu. "Utahama mji huu leo hii! Na hilo karai lako litavunjwavunjwa!"

Hapo roho ya Bi Mafunda ikashtuka kweli. Mji angepata mwingine, lakini karai? Akajikaza.

"Nani atakayelivunja?"

"Askari! Mkamateni!"

Askari hawakutikisika. Migongo ilikuwa bado inawawasha. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Umesikia kitu?" Mwenzake akasema, "Upepo tu."

"Waziri! Waamrishe!"

Waziri akaendelea kukagua boriti za dari, utadhani anataka kuzinunua.

"Waziri, mimi nakuita!"

Sultani akazunguka ukumbi mzima akipunga mikono mbele ya nyuso za watu. Akamvuta mmoja sikio. Yule askari akajikuna sikio akasema mbu wamezidi mwaka huu. Sultani akarudi kwenye kiti chake, akaketi, maji ya kunde yakafanya dimbwi chini yake. Kwa mara ya kwanza tangu Mchina aondoke, alikuwa amesahauliwa barabara, na hakupenda hata kidogo.

"Basi!" akapiga ukelele. "Sheria nimeifuta! Nipo! Nionekane!"

Bi Mafunda akatega sikio kama mtu aliyesikia hodi kwa mbali. "Kuanzia lini?"

"Kuanzia sasa!"

"Si kuanzia asubuhi, nilipomwaga maji?"

"Nimesema sasa! Sasa hivi!"

Waziri akashusha macho. Askari wakapiga saluti. Bi Mafunda akaangusha magoti, uso umejaa furaha ya mtu aliyeonana na ndugu wa siku nyingi.

"Shikamoo, Maulana! Tumekukosa mno mjini. Ee, lakini mbona umelowa hivyo?"