Msumari Uliobaki Mtupu

"Hajatoka wa kwanza mpaka atoke wa mwisho." Vijana waliochaguliwa juzi kuongoza chama cha wafanyakazi mgodini walimsikia Mzee Asajile akisema hivyo, wakataka kujua msemo kautoa wapi. Mzee akacheka. Chanzo chake anakijua vizuri, maana mjinga wa siku hiyo alikuwa yeye mwenyewe.

Mambo yalianza hivi. Ujanani Asajile alipelekwa Ujerumani kujifunza uchimbaji wa makaa ya mawe. Kule kila mchimbaji alikuwa na kibati cha shaba chenye namba. Akishuka shimoni, hukiondoa kwenye ubao wa misumari uliokuwa mlangoni. Akipanda, hukirudisha kwenye msumari wake. Msumari mtupu, basi mtu bado yuko chini.

Mgodi ule ulikuwa na mtu wake, Gerhard Stroth. Alichimba makaa miaka ishirini, akaongoza chama cha wafanyakazi, kisha akaingia bungeni kwa tiketi ya chama cha demokrasia ya kijamii. Suti alivaa, lakini kila Ijumaa alirudi kusimama mbele ya ubao zamu ikipanda, na haondoki hata msumari mmoja ukiwa mtupu.

Ijumaa moja alikuwa akingojwa mji mkuu saa kumi jioni, akabidhiwe wizara ya kazi. Aliitaka kwa hali na mali, apate kuwatetea wachimbaji wenye mapafu yaliyojaa vumbi. Gari linanguruma nje. Misumari yote imejaa, isipokuwa namba 214.

"Ni wa yule mgeni," akasema mtunza ubao.

Stroth akalegeza tai, akashuka shimoni pamoja na zamu nzima iliyokwisha kuchoka. Wakatafuta kwa muda wa saa mbili.

Asajile alikuwa kantini anakunywa supu ya dengu. Kibati kimo mfukoni. Kiling'aa mno, akaona akampelekee mama yake Tukuyu. Aliposikia kelele nje alidhani ni sherehe ya waziri mpya, akatoka na bakuli lake. Akamwona Stroth anaibuka, mweusi tii, akampa mkono wa hongera.



"Bwana Stroth," akasema Wiechers, katibu wake, "wamepiga simu. Wizara kapewa mwingine. Umeipoteza kwa mtu aliyekuwa anakunywa supu."

Stroth akamtazama Asajile juu mpaka chini. "Ilikuwa tamu?"

"Tamu, bwana. Ila imepoa."

Wachimbaji wakaangua kicheko. Asajile akatoa kibati mfukoni; Stroth akakipokea, akakitundika.

Wiechers hakucheka. "Gerhard, wewe shimoni ulishatoka, mwaka wa kumi huu. Shimo lina wenyewe. Kwa nini hukuenda?"

Stroth akajifuta makaa usoni kwa ile tai yake ya uwaziri.

"Hajatoka wa kwanza," akasema, "mpaka atoke wa mwisho."