Neno la Kusindikiza

Msafiri mmoja alitoka nchi ya mbali kuja kuona wanyama wetu. Alikuwa na siku sita, gari la kukodi, na dereva ambaye ndiye pia aliyekuwa mkalimani wake. Siku ya tatu alipangiwa kutembelea kijiji cha wafugaji kilicho mpakani mwa hifadhi, aone watu wanavyoishi.

Mwenyeji alimpokea vizuri. Alimkalisha kwenye kigoda, akamletea maziwa ya mgando katika kibuyu kilichofukizwa moshi, akajibu maswali yake yote: ng'ombe wanakunywa wapi, nyumba zinaezekwa na nini, simba huja mara ngapi. Msafiri alipoulizia mama wa nyumba, mwenyeji alisema amejipumzisha kidogo.

Niwaambie ninyi jambo ambalo mgeni hakuambiwa. Nyuma ya ukuta ule wa udongo alilala mke wa mwenyeji, mimba ya miezi minane, miguu imevimba, kichwa kinamgonga tangu jana, macho yameanza kuona giza. Mkunga wa kijiji alikuwa amekwisha kusema kwamba hili limemshinda, apelekwe hospitali. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari. Na gari pekee lililokuwa kijijini asubuhi ile lilikuwa limeegeshwa mlangoni pake.

Mtauliza, mbona hakusema? Ndugu zangu, mnajua kwa nini. Kwa desturi ya watu wale, na ya wengi wetu tuliokaa hapa, mgeni habebeshwi shida yako angali na chakula mkononi. Unamlisha kwanza. Mnazungumza habari za mvua. Anapoaga unamsindikiza, na huko njiani, mkitembea bega kwa bega, ndipo neno lenyewe hutoka. Yule mume alijibu habari za simba na paa za nyumba huku akiingojea njia.

Kibuyu kilikuwa hakijafika nusu simu ya upepo ilipoita garini. Dereva mwingine alikuwa amemwona chui juu ya mti, na mawindo yake. Msafiri akasimama, akashukuru, akapeana mikono, akaharakisha kuingia garini. Mwenyeji naye akavaa makobazi yake, akachukua fimbo, akasema, "Nawasindikiza mpaka korongoni."

Dereva akatafsiri. Msafiri akajibu kwa upole kwamba asijisumbue, jua ni kali. Dereva akachungulia dirishani. "Baki tu, kaka. Miguu yetu sisi ni ya mpira." Akawasha gari.

Yule mume alikimbia. Mtu mzima, mwenye mji wake, alikimbia nyuma ya gari mpaka korongoni, fimbo mkononi. Msafiri alimwona kupitia kioo cha nyuma, akadhani ndivyo wanavyoaga huku, akampungia mkono. Dereva pia alimwona. Akajiambia kwamba chui hasubiri, na kwamba watapita tena pale siku ya kurudi.

Walimkuta chui. Picha zilitoka nzuri.

Siku tatu baadaye, wakitoka hifadhini, msafiri aliomba wapite kijijini. Alikuwa na kitenge cha kumpa yule mama ambaye hakubahatika kumwona. Wakakuta watu wamekaa nje kimya, na nyuma ya nyumba udongo mbichi. Mama na mtoto walikuwa wamelazwa humo pamoja.

Msafiri alipoelezwa, alikaa chini. "Gari lilikuwa na viti vitano vitupu," akasema. "Muulize kwa nini hakuniambia."

Mwenyeji hakumtazama msafiri. Alimtazama dereva.

"Mwambie nilivaa viatu."

Msafiri akauliza, anasema nini?

"Anasema ni mapenzi ya Mungu," akajibu dereva.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Mgeni hakujua. Hakuwahi kufundishwa kwamba mtu anayekusindikiza ana neno. Lakini yule dereva alizaliwa katika mji kama ule, akalelewa na mama aliyesindikiza wageni. Aliona viatu, aliona fimbo, aliona mtu mzima anakimbia. Alielewa kila kitu, akatafsiri maneno tu. Na alipoulizwa, akamsingizia Mungu.

Sisi ni nani katika habari hii? Tungependa tuwe mgeni, maana mgeni ana udhuru. Lakini sisi tumezaliwa hapa. Tunamjua jirani anayepiga simu kuuliza habari za mvua mara mbili kwa siku moja. Tunamjua dada anayekunja kitambaa chake polepole wenzake wakiwa wamekwisha kutoka. Tunaelewa, kisha tunasema, "Tutaongea." Na siku ya matanga tunakuja mapema, tunapanga viti, tunasema Mungu amependa.

Sisemi kwamba kila kifo kina mtu wa kulaumiwa. Vipo vifo ambavyo hakuna gari lingeviwahi, na aliyefikwa na kifo cha namna hiyo anajua tofauti. Lakini tusimtwike Mungu mzigo ambao ulikuwa wetu kuubeba kwa saa mbili.

Leo, tutakapotoka, tutapeana mikono mlangoni kama kawaida yetu. Akiwapo mtu ambaye mkono wake unakawia ndani ya wako, usiwe wewe wa kwanza kuuachia.