Nakiete Mpasua-Miamba na Ukuta wa Mwangeni

Enzi zile, enyi watu wa Mwangeni, neno la mfumwa, mtawala wetu, lilipokuwa ndiyo sheria ya milima hii, aliishi Nakiete binti Mashambo, mjukuu wa Kilave mchimba mifereji. Nakiete huyo ndiye Mpasua-Miamba, Mfunga-Mito, ambaye kwa moto na maji baridi alilivunja jabali lililowashinda wanaume wa vijiji vizima, akajenga bwawa lililowalisha watu wa bondeni.

Mwaka mmoja masika yalimwagika bila kupumzika. Nakiete alipoupapasa ukuta wa bwawa alikuta ufa unaotoa tope, akajua kwamba maji yanaula ukuta kwa ndani.

Akamwendea Mfumwa Sekimang'a, akamsihi bwawa lifunguliwe na watu wa bondeni wahamishwe. Lakini Mfumwa alikuwa amewaalika watawala wa jirani waje walione bwawa lake likiwa limefurika.

"Atakayelifungua nitamtupa gengeni," alisema. "Ufa huo umeuona wewe peke yako."

Nakiete alitoka barazani. Aliwakusanya wajenzi wenzake, akawapeleka ukutani, kila mmoja akatia mkono wake kwenye tope lile.

"Nikirudi peke yangu nitakufa, na bonde nalo litakufa," aliwaambia. "Tukisema sote, atamtupa nani amwache nani?"

Wakaingia barazani huku mvua ikinguruma juu ya paa. Mmoja baada ya mwingine walisema, "Nimeuona, Mfumwa," hata Semboja, mjenzi aliyekuwa mkwewe Mfumwa. Mfumwa akaona hawezi kuwatupa wote.

"Hamisheni watu, kisha lifungueni bwawa," alisema hatimaye.

Watu wakapanda mlimani na watoto na mbuzi wao, lakini lango la bwawa likagoma, limezibwa na gogo. Nakiete akajifunga kamba kiunoni, akashuka na shoka. Waliokuwa juu walisikia shoka likigonga, kisha gogo likavunjika, maji yakatoka kwa kishindo, na kamba ikapanda ikiwa tupu.

Ukuta ulisimama. Nakiete hakuonekana tena.

Wenzake hawakutawanyika. Waliapa palepale kutosema uongo mbele ya mwenye mamlaka wala kumwacha mwenzao aseme kweli peke yake, na hapo ndipo kilipozaliwa Chama cha Wajenzi wa Mwangeni, kilichoitumikia nchi hii kizazi baada ya kizazi kwa madaraja, mifereji na barabara. Hadi leo, kabla bwawa au daraja halijafunguliwa, mtawala huketi akanyamaza, na wajenzi husimama mmoja mmoja wakasema walichokiona.