Mgongo wa Marijani

Hapo zamani, mji wa Mwambasi ulipokuwa ungali na farasi, Bi Rehani alikuwa na farasi jike mwembamba, jina lake Marijani. Alikuwa pia na tandiko la marehemu baba yake, lililotengenezwa kwa ajili ya farasi dume mwenye mgongo mpana kama jamvi. Nyumba ile haikutandika tandiko jingine. Ndiyo iliyokuwa heshima yao.

Marijani alipotandikwa, tandiko lilimlalia mabegani. Akalaza masikio kwa maumivu. Bi Rehani akaona, akajiambia, "Atazoea," akaongeza blanketi chini yake.

Aliyempanda ni Shekue, kijana aliyewahi kuvunjika nyonga ya kushoto. Alikaa ameegemea kulia, wala hakumwambia mtu. Tandiko likabonyea upande huo. Fundi Bwanaheri, mshona ngozi, alipoletewa alitengeneze, akaujaza sufi ule upande uliobonyea mpaka ukawa mgumu. Hakuomba kumwona farasi. Hakuuliza nani humpanda.

Marijani akafupisha hatua. Shekue akamchapa. Marijani akakataa kugeukia kulia. Shekue akamchapa tena.

Siku ya mashindano ya Idi, mbele ya mji mzima, Marijani akajikwaa kwenye kona, akaanguka. Walipomvua tandiko, watu waligeuza nyuso. Mabegani palikuwa na kidonda kilichokaribia mfupa, na nyama ya upande wa kulia ilikuwa imenywea.

Desturi ya Mwambasi ni hii: aliyemharibu mnyama hamgusi tena maisha yake yote, wengine ndio humuuguza. Kadhi akawaita wote watatu. Marijani alizaliwa mikononi mwa Bi Rehani, na tangu aanguke hakuwa akila ila akilishwa na yeye.

"Mimi nilipanda nilichotandikiwa," akasema Shekue. "Hata wewe, Sheikh, ukivishwa kiatu cha mwenzio utachechemea."

"Kiatu!" Fundi akacheka kwa dharau. "Ulikaa juu yake kama mzigo wa kuni uliokatika kamba! Mimi nililetewa tandiko, sikuletewa farasi."

"Na ulimi wa kuuliza hukuwa nao, Fundi?"

"Na wewe unayejishika nyonga hapo, ulimi wa kusema unaumwa hukuwa nao?"

"Nyamazeni," akasema Kadhi. "Bi Rehani, mwanangu, wewe hukuona kitu?"

Habari ya blanketi hakuna aliyeijua. Bi Rehani alitazama uani, alikosimama Marijani, mguu mmoja ameunyanyua. Angeweza kukana.

"Niliona," akasema. "Niliona masikio yake siku ya kwanza. Nikaona kumvua tandiko ni kumvunjia baba heshima."

Shekue akainamisha kichwa. Fundi akajikohoza. Kadhi akawatazama mmoja mmoja, kisha akawageukia watu waliojaa barazani, waamue wao.

Basi nanyi mlioketi hapa mkisikiliza hadithi hii, semeni, maana farasi anangoja kulishwa: mmoja hakuliacha tandiko, mmoja hakuisema nyonga yake, mmoja hakuuliza. Je, ni mikono ya nani isimguse Marijani tena?