Bao Moja la Radi ya Ndulilo

Hapo zamani, si ile ya mababu bali zamani ya juzijuzi, nilipokuwa bado na meno yote ya mbele, palikuwa na Chuo cha Ualimu cha Ndulilo, kule juu milimani ambako ukungu huingia bila hodi. Msiniulize haya nimeyatoa wapi. Niliyaona yote kwa macho haya mawili, nimesimama hatua tatu kutoka mstarini. Mwingine akiwasimulia, mjue alisikia kwangu, tena alisikia vibaya.

Chuo kile kilikuwa na timu ya mpira, ikaitwa Radi. Radi gani! Radi isiyoua hata panzi. Msimu ule, kabla ya mechi ya mwisho, walicheza mechi kumi, wakafungwa kumi. Walifungwa na wauguzi. Walifungwa na mafundi seremala. Walifungwa na waseminari waliokuwa kwenye mfungo, hawajala tangu jana yake. Mabao arobaini na matatu yaliingia kwao. La kwao wenyewe? Hata la kuotea hawakupata.

Kosa lao nalijua, ingawa mimi niliishia darasa la sita. Walicheza mpira kama wanafundisha. Kocha wao, Mwalimu Lutengano, kila mechi aliiandikia andalio la somo: lengo kuu, lengo mahususi, zana, tathmini. Wakifungwa matano, kwenye tathmini anaandika, "Somo limeeleweka kwa kiasi." Wakifungwa saba, "Somo litarudiwa." Na kweli lilirudiwa! Mabeki wake walinyoosha mkono kuomba pasi, eti asiyenyoosha mkono asipewe. Mpaka mmoja achaguliwe, mpira uko wavuni.

Aliyekuwa akiuokota huko wavuni ni Ambakisye, golikipa. Huyu ndiye wa kuhurumiwa, kama mnayo huruma ya kutupa. Jina alilopewa na babu yake lilikufa mechi ya tatu. Chuo kizima kilimwita Karibuni, kwa kuwa kila mpira uliobisha aliukaribisha ndani. Bwaloni: "Karibuni, sogeza chumvi." Darasani: "Karibuni, futa ubao." Siku moja mama yake akapanda mlima mzima kuja kumwona, amebeba kuku kwapani. Akamwulizia Ambakisye pale getini. Mlinzi akakuna kichwa, akasema, "Hapa hatuna mtu huyo, mama." Mama akarudi na kuku wake. Ambakisye alipata habari jioni, kuku keshafika nyumbani.

Basi Mkuu wa Chuo, Mama Tuponile, mwanamke aliyecheka sikukuu za taifa tu, akawapanga mstari.

"Wanangu, ule uwanja ni ardhi nzuri," akasema. "Nyinyi mnaulima kwa visigino, na hampandi kitu. Jumamosi ni mechi ya mwisho. Msipopata bao, hata moja, Jumatatu napanda viazi mviringo."

"Na tukipata, Mama Mkuu?" akauliza Gwamaka, nahodha na mshambuliaji, kijana aliyeingia uwanjani na kitana ndani ya soksi.

"Mkipata, uwanja unabaki. Nitausimamishia kibao, uitwe kwa jina la aliyeuokoa. Jina lake kamili."

Jina lake kamili! Ambakisye akameza mate kama mtoto aliyesikia harufu ya nyama.

Jumamosi wakaja vijana wa chuo cha mifugo, mabingwa, mapaja kama magogo. Kufika dakika ya themanini, Radi wameshalambishwa sita. Golikipa wa mifugo hajagusa mpira hata mara moja. Amejikunyata golini, anapuliza vidole. Ukungu nao ukashuka, mzito kama uji.

Nyuma ya goli lile palikuwa na jiko la chuo. Mpishi, Mama Atupele, akachungulia, akamwonea huruma.

"We mwana wa watu, utakufa na baridi hapo bure. Njoo ule kiazi cha moto."

"Nina mechi, mama."

"Mechi gani? Hawa nawapikia mimi, nawajua. Hawaji."

Kijana akatazama huku, akatazama kule. Kweli, hawaji. Akaenda.

Wakati huohuo, upande wa pili, Ambakisye akadaka mpira. Wa kwanza kuudaka tangu mwezi wa pili! Mwenyewe akashangaa. Beki wake akanyoosha mkono, "Mimi! Mimi!"

"Shusha mkono, mwalimu!" Ambakisye akafoka.

Pale pale ukungu ukapasuka, mwanya mwembamba kama mlango ulioachwa wazi. Ambakisye akaona goli tupu kule mwisho, akamwona na Gwamaka karibu yake. Akaupiga ule mpira kwa hasira ya mabao arobaini na tisa na ya kuku wa mama yake.

Mpira ukapaa, ukatua, ukadunda, ukaanza kwenda zake nje, kwenye mahindi ya pembeni. Na Gwamaka? Gwamaka alikuwa ameinama, anatafuta kitana chake majanini. Mpira ukamgonga makalioni, ukageuka, ukajikokota kama mgeni asiye na hakika na nyumba, ukaingia. Golikipa wa mifugo alitoka jikoni na kiazi mdomoni, akakuta filimbi imeshalia.

Sita kwa moja! Radi wakashangilia kama waliobeba kombe. Wakataka kumbeba shujaa wao juu. Yupi sasa?

"Nibebeni mimi," akasema Ambakisye. "Mguu ni wangu. Nililenga. Andikeni Ambakisye."

"Ulilenga mahindi, Karibuni!" Gwamaka akamcheka. "Bila mwili wangu mpira ule ungeokotwa na ngedere. Bao ni la aliyegusa mwisho. Andikeni Gwamaka."

"Uligusa kwa nini? Si kwa makalio?"

"Makalio ya nani?"

Mama Atupele akaja na mwiko wake mkononi. "Wanangu, mnanichekesha. Yule kijana angekuwepo angeudaka kwa mkono mmoja, wa pili anajikuna. Mechi zote goli lilikuwa na mtu, mlipata nini? Leo nimemwondoa kwa kiazi kimoja. Andikeni Atupele."

"Lakini mama, wewe ulimwita kwa huruma tu!" akadakia Gwamaka.

"Huruma yangu imefunga. Ujuzi wenu umefunga nini?"

Mwalimu Lutengano naye akanyoosha mkono, na karatasi yake. "Samahani. Kwenye andalio, hatua ya nne, niliandika: wanafunzi watafunga." Hata Mama Mkuu alicheka, na haikuwa sikukuu.

Jumatatu viazi havikupandwa. Fundi akaja na kibao, akaandika UWANJA WA, kisha akasimama na brashi yake. Ambakisye alikuwa pale tangu asubuhi, shati limepigwa pasi.

"Niandike nani, Mama Mkuu?"

Mama Tuponile akamtazama Ambakisye, akamtazama Gwamaka, akatazama moshi wa jikoni. "Subiri," akasema. Fundi akasubiri mpaka rangi ikakauka kwenye brashi.

Haya, aliyepiga, aliyegongwa, aliyeita. Je, nani alistahili?

Ngojeni, msijibu bado. Naona mmeshaanza kumpa Ambakisye, basi nami nikiri jambo moja. Mengine yote ni kweli tupu, hata kitana. Ila ule mwanya wa ukungu niliupasua mimi, kwa ulimi wangu. Ukungu ule haukupasuka. Kijana hakuona goli, hakumwona Gwamaka, hakuona hata kiatu chake mwenyewe. Nilimpa mwanya kwa ajili ya yule kuku aliyerudishwa nyumbani.

Sasa nimeuziba. Haya, semeni: kile kibao kiandikwe jina la nani?