Mguu wa Mwamuzi

Kaeni mkao wa kubishana, maana hadithi hii haijapata hukumu.

Katika mji mmoja wa milimani kulikuwa na Sihaba, fundi cherehani ambaye utepe wake haukusema uongo hata kwa kiuno cha bibi harusi. Kulikuwa na Mbelwa, muuza nyama: jicho lake lilitaja kilo, mizani ikafuata kama shahidi. Na Shekiondo, mchonga mipini ya majembe, ambaye akiulaza mpini juu ya kidole hujua utamchosha nani.

Zawena, mwamuzi wa netiboli, alikuwa amekatwa mguu chini ya goti. Alitaka kitu kimoja: kurudi uwanjani. Kamati ya mchezo ilimjibu kwa barua yenye mihuri mitatu kwamba mwamuzi sharti akimbie.

Zawena akamwendea Sihaba, naye akauzungushia utepe mguu wa Zawena uliobaki mzima, kila upana wa vidole vinne, toka goti hadi kisigino. Kwa vipimo hivyo akashona mguu wa ngozi juu ya bomba jepesi. Zawena akajaribu kukimbia. Mguu ukaruka mbele kama kishada.

Mbelwa akasoma vile vipimo, akautazama mguu mzima kwa makini.

"Kilo tatu na robo."

"Usinitazame kama mbuzi, kaka!"

"Mbuzi hanibishii, dada."

Akautia ule mguu wa ngozi vifuko vya mchanga mpaka uzito ukatimia. Lakini mchanga ulikaa wayoni, na mguu ukawa unachelewa kila hatua.

Shekiondo akaulaza kidoleni, akacheka. "Mguu wa mtu ni mnene juu, mwembamba chini. Utepe ulipokuwa mrefu, ndipo uzito ulipo." Akapandisha vifuko hadi kwenye shavu la mguu, akavifunga.

Zawena akakimbia mstari mzima, akarudi, akapuliza filimbi bila sababu yoyote.

Habari zikafika wilayani. Ikaja fomu: aliyetengeneza mguu atapewa chumba hospitalini, awatengenezee wengine kumi na mmoja wanaosubiri. Shahidi ni Zawena; nafasi ya jina ni moja.

"Walikuwa watatu," Zawena akamwambia karani, Bwana Kallaghe.

"Mama, mguu mmoja, jina moja. Hao watatu wangetengeneza miguu mitatu, ningekuelewa."

"Na nikiacha wazi?"

"Chumba kitakuwa stoo ya fomu."

Zawena, aliyeamua mechi mia bila kusita, akashika kalamu. Nje dirishani watatu wale walikuwa tayari wakimpima mgonjwa wa kwanza, wakigombana kwa furaha.

Je, wewe ungeandika jina la nani?